Zamu ya Maji ya Babu

Nilipopangiwa kusomesha Birkat al Mauz, kijiji cha Oman, mwanzoni mwa miaka ya tisini, mama yangu alifurahi kuliko mimi. "Ndiko kwao baba yako," alisema. Baba alifia Unguja kabla hatujahamia Oman, na kijiji chenyewe hakukiona kwa macho. Alisimuliwa tu na babu, aliyetoka huko kijana kwenda Zanzibar. Hati ya kuthibitisha asili yetu hatukuwa nayo, wala hakuna jamaa aliyewahi kututafuta.

Nilikaa mwaka mzima bila kumwambia mtu. Siku moja mwalimu mwenzangu alinitania, "Nyinyi mliotoka Zinjibar kila mmoja ana kijiji chake huku, ila kijiji ndicho hakimjui!" Nilicheka na wenzangu, lakini maneno yale yalinichoma.

Kisha mwalimu mkuu akanipa kazi ya kuandika historia ya kijiji kwa maonyesho ya skuli. Nikaelekezwa kwa bibi mmoja mjane, ambaye marehemu mumewe alikuwa msimamizi wa falaji, mfereji unaonywesha mashamba yote ya tende na ndizi. Mama akashikilia twende sote. Nilitamani abaki nyumbani. Kama bibi yule angesema hamjui babu, mimi ningestahamili, mama je?

Tulimkuta barazani baada ya alasiri, anachambua tende. Alinisimulia, kwa Kiarabu, mafuriko yaliyobomoa mfereji utotoni mwake, na jinsi watu walivyopima zamu za maji kwa kivuli mchana na kwa nyota usiku. Kisha akazitaja zamu zenyewe moja baada ya moja, kama asomaye uradi: ya msikiti, ya ukoo huu, ya ukoo ule. Katikati yake akalitaja jina la babu yangu, na la baba yake.

Kalamu ikanisimama. "Huyu ni nani, bibi?"

"Huyu alikwenda Zinjibar. Zamu yake ilichukuliwa na dada yake, na sasa anayo mjukuu wa dada yake. Lakini jina halikubadilishwa."

"Ulimwona?"

"Nimwone wapi? Nilikuwa sijazaliwa. Lakini nani asiyejua habari zake? Alikuwa mwizi wa maji! Alifungua mfereji kwenye zamu ya jirani, akafumaniwa. Wakapigana, jembe likamkata kidole cha shahada. Ndugu zake wakamlaumu mbele za watu. Haikupita wiki, akaondoka."

Mama, ambaye Kiarabu chake kilikuwa cha salamu na sala, alinivuta mkono. "Anasemaje?"

Niliogopa kumtafsiria. Nikamwambia yote kwa sauti ya chini, wizi na jembe. Akanitazama, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya buibui.

"Kidole! Mwanangu, baba mkwe wangu hakuwa na kidole cha shahada. Maisha yake yote akituambia kililiwa na papa, safarini, alipotia mkono baharini! Kumbe jembe!"

Nikamweleza bibi sisi ni nani, na habari ya papa. Naye akacheka, meno hana, akamshika mama mkono asimwachie. Aliagiza mjukuu wa yule dada aitwe. Akaja mtu mzima, miguu ina tope la shamba, akamsalimu mama kwa heshima, akatuambia zamu ile ni yetu, tukiitaka tuichukue.

"Mwambie aendelee kunywesha," mama akasema. "Mimi shamba sina. Ila ndizi nitakula."

Nilimwuliza bibi kama niandike habari ya wizi kwenye historia ya skuli.

"Andika," alisema. "Ukiiacha, watu watasema umeficha kwa kuwa ni babu yako."

Babu yako! Nilishusha pumzi ambayo naona niliibana mwaka mzima.

Tulirudi nyumbani kwetu Nizwa na mkungu wa ndizi kiti cha nyuma. Mama alizungumza njia nzima: harusi yake, baba mkwe alivyokuwa mkali, alivyoshika kikombe kwa vidole vilivyobaki. Tangu baba afariki sikuwahi kumsikia akisema mengi hivyo. Nilipunguza mwendo wa gari, nikamwacha aseme.