Nyuzi Sita za Shemeji

Saa saba mchana, jua la Agosti linachoma, na Tokie Shinohara amesimama katikati ya Kijito cha Horosawa, maji magotini, akimtukana shemeji yake ambaye wala hayupo.

"Ishirini na tano! Kiyoharu, Mungu anakuona!"

Mkononi ana kipimajoto alichokifunga kwa kamba ya kiatu. Asubuhi kilisoma nyuzi kumi na tisa. Miguuni pake watoto wa samoni, urefu wa kidole, wamejibanza kwenye kivuli cha jiwe, midomo wazi. Wawili wameshageuka tumbo juu.

Tokie ana miaka sitini na mitatu. Ushirika wa wavuvi humlipa yeni elfu moja na mia moja kwa saa, saa tatu kwa siku, apime joto la maji na kuhesabu samaki.

"Huyu mdogo hukaa mtoni mwaka mzima kabla ya kushuka baharini," anasema. "Maji yakifika ishirini na nne anaacha kula. Yakizidi hapo na hana pa kukimbilia, basi tena."

Kiangazi hiki hawana pa kukimbilia. Ukame umewabakishia shimo hili moja. Juzi aliwahesabu mia tatu na kumi, leo mia mbili themanini na moja.

Adui anajulikana. Hatua themanini juu ya kijito kuna bafu la chemchemi ya moto la Kiyoharu, mdogo wa marehemu mume wa Tokie. Kila adhuhuri humwaga maji yake yote mtoni ili alisugue. Tokie amemsihi amwage alfajiri, mto ukiwa bado baridi.

"Alfajiri nalala, shemeji," Kiyoharu hujibu. "Halafu samaki wako wanaoga bure! Wenzao wanalipa yeni mia tano."

Jioni hiyo hiyo Tokie akaenda kuoga kwa Kiyoharu. Wanaume na wanawake hutenganishwa na ukuta wa mbao usiofika darini, na mambo mengi ya kijiji huamuliwa juu ya ukuta huo. Mwandishi wa makala haya alikuwa upande wa wanawake, daftari chapachapa.

"Shemeji! Huko maji nyuzi ngapi?"

"Arobaini na mbili. Maji ya wanaume haya!"

"Ongeza sita, kama unazoniongezea mtoni. Zikitimia ungali ndani, sikusumbui tena mpaka naingia kaburini."

Vicheko kule. Bomba likafunguliwa. Jamani, wazee wa Horosawa ni heri waive kuliko kuwa wa kwanza kutoka.

"Arobaini na nne," akatangaza mzee Ogata, fundi paa mstaafu. Sauti yake ilikuwa imekwisha kuwa nyembamba.

"Arobaini na tano... Mama yangu wee!" Tukasikia nyayo zake zikikimbia sakafuni.

Kisha maji yakaruka, ndoo zikaanguka, mlango ukabamizwa.

"Shemeji, umefikisha ngapi?"

"Nne," ikajibu sauti ya unyonge kutoka nje.

Wanawake wakacheka hadi machozi. Tokie hakucheka.

"Wewe umepata mlango, Kiyoharu," alisema. "Wale wana jiwe tu."



Wiki imepita. Tokie ana mpango wa kupanda mierebi ukingoni, na kung'ang'ania kazi hii miaka miwili zaidi. Watoto hawa watashuka baharini masika yajayo na kurudi mwaka unaofuata. "Ushirika wanasema nimezeeka. Wangoje. Nataka niwaone wakirudi."

Saa kumi na moja alfajiri, maji ya bafu yameshamwagwa na kupoa. Kiyoharu anateremka ukingoni na brashi yake, macho mekundu kwa usingizi, amenuna.

"Wangapi leo?"

"Mia mbili themanini na moja."

"Na jana?"

"Mia mbili themanini na moja."

Kiyoharu anachuchumaa, anatia mkono majini, na hautoi upesi.