Miguu ya Ovila Gingras

Kwa mujibu wa tamko la wizara ya utamaduni, lililosomwa mbele ya paroko na kugongwa muhuri mara mbili ili lisije likachacha, mdundo wa miguu ya mzee Ovila Gingras wa Saint-Valmore ni urithi wa taifa, nao utahifadhiwa milele.

Ovila alilisikiliza jukwaani, amekaa kwenye kiti cha jikoni, fidla mapajani. Kisukari kilikuwa kimeuozesha mguu wake wa kushoto, na Jumatatu ungekatwa. Leo Jumamosi wizara ilikuwa imeleta mashine ya kunasa sauti. Alitaka jambo moja tu: apige kwa mara ya mwisho, na miguu isikike.

Ufundi huo aliutoa katika kambi za wakata miti. Kule ngoma haikuwapo, basi mpiga fidla alikaa akatwanga sakafu kwa visigino, huku na huku, kama wawili wanaotwanga katika kinu kimoja. Akichoka, aliwasimulia wenzake habari za mtu aliyekwepa kitubio miaka saba akageuka mbwamwitu. Walimcheka, kisha wakaenda kuungama. Paroko mmoja alipiga marufuku dansi zake. Arusi zilizofuata zikajaa zaidi.

Lakini kwa heshima yake wizara ilikuwa imetandika zulia jekundu, nene, jukwaa zima.

“Mama,” alimwambia Bi Lacoursière, mjumbe wa wizara, “niwekeeni ubao. Hata mlango mbovu.”

“Baba Gingras, zulia hili hukanyagwa na waziri mwenyewe!”

“Basi mleteni apige yeye.”

Ukumbi ukaangua kicheko. Mkewe, Fernande, akapanda akainama kulikunja zulia. Fundi mitambo akamdaka mkono: nyaya zote zilipita chini yake, na zilikuwa zimegandishwa sakafuni.

“Piga hivyo hivyo, mzee wangu,” Fernande akamnong’oneza. “Mguu wenyewe unanuka.”

“Unanuka, lakini njia unaijua.”

Akapiga. Visigino vilitua bila mlio, kana kwamba vinatua juu ya theluji. Akaongeza nguvu, maumivu yakampanda hadi nyonga, naye akazidi kutwanga. Damu ikachuruzika kutoka kwenye kiatu. Juu ya zulia lile, hakuna aliyeiona.

Wakampigia makofi wakiwa wamesimama.

Jumatatu mguu ulikatwa. Katika kanda ya wizara, fidla inasikika vizuri sana.