Nguzo Iliyogeuka

Tuliporudi kutoka ng'ambo ya mpaka, mawe yalikuwa bado ya moto, na soli za viatu zilinuka kama tairi linaloungua. Mtaa wetu ulikuwa chini. Juu yake palikuwa na makoro tu, yale mawe meusi ya volkano, yamevimba kama uji uliokaukia sufuriani. Hakuna aliyejua nyumba yake ilikuwa wapi. Kitu kimoja cha zamani kilikuwa kimebaki: nguzo ya chuma ya umeme, tuliyoiita poto, kichwa chake kimetokeza nje pamoja na ile mikono miwili ya kushikia nyaya.

Mume wangu alikuwa seremala, na kwa vipimo watu walimwamini. Alifunga kamba kwenye poto, akaivuta kuelekea ziwani: hapa kwetu, hapa kwa jirani, hapa barabara. Nyuma yake kila mwenye kiwanja alipanga rundo la mawe kuonyesha mpaka wake. Rundo lile liliheshimiwa kuliko karatasi, kwa kuwa karatasi za wengi zilikuwa zimeungua.

"Papa, hii poto imegeuka," nilimwambia mume wangu. "Mikono yake ilikuwa inaangalia mulima. Sasa inaangalia mupaka."

Hakuinua kichwa. "Mama, chuma inatembeaka?"

Jirani yetu, muzee muuza nguo ambaye wazazi wake walitoka mkoa wa Maniema, alisema, "Muache. Labda ilikimbia pamoja na sisi, ikachoka njiani, ikarudi."

Watu walicheka. Na mimi nilicheka. Hatukuwa tumecheka tangu mlima upasuke. Kisha wanaume wakaendelea na kamba, na juu ya mawe yale tukajenga nyumba za mbao.

Baada ya hapo ikawa vita, ikatulia, ikawa vita tena. Kila mara waasi walipochukua vijiji vya huko juu, watu waliteremka na magodoro kichwani, na mji ukapanuka bila kumuuliza mtu. Ng'ambo ya barabara yetu palikuwa na nafasi ambayo hakuna aliyeidai. Wakimbizi wakapiga mahema ya plastiki pale, na baada ya miaka mahema yakawa nyumba za mbao kama zetu. Mama mmoja muuza makaa alijenga mkabala na mlango wangu.

Mume wangu alikufa siku zile waasi walipoingia mjini. Hakupigwa risasi. Lilikuwa tumbo, na njia ya hospitali ilikuwa imefungwa. Alilala katika chumba cha mbele, kwenye kitanda alichokitengeneza mwenyewe, na mama wa makaa alikuja kunisaidia kufua mashuka. Tulimzika haraka, kama watu wengi walivyozikwa siku zile. Kilichobaki kwangu ni kile chumba. Nilikuwa nakifagia kila asubuhi na sikulala humo.

Kisha wakaja watu wa ofisi ya mji na ramani ya zamani. Walisema mitaa imesongamana, gari la kuzima moto haliwezi kuingia, na barabara lazima irudi kwenye mstari wake wa kwanza. Lakini mstari ule ulipimwa kutoka kwenye poto. Kama poto haikusogea, barabara ingepita kwenye nyumba za wakimbizi. Kama makoro yaliyoigeuza yaliisogeza pia, ingepita kwenye safu yetu, na ingeanza na chumba changu cha mbele.

Asubuhi waliyopanga kuuliza mashahidi, muzee wa nguo alikuja kabla yao, akakaa kwenye kigoda.

"Mama, sema tu poto haikusogea. Marehemu alipima muzuri. Utamuaibisha mutu mwenye analala?"

"Wale wa ng'ambo wataenda wapi?"

"Kwenye walitoka."

"Kule kungali na vita, muzee."

"Na sisi tutaenda wapi?" alisema. Alikunywa chai yangu yote, akaondoka.

Mpima wa mji alinikuta mlangoni, watu wote wa mtaa wamesimama.

"Mama, wanasema bwana yako ndiye alivuta kamba. Alianzia wapi?"

"Kwenye poto."

"Poto ilikuwa mahali pake?"

Ningependa kusema nilifikiria haki. Nilikuwa nimechoka, na uongo unahitaji nguvu ya kuulinda.

"Ilikuwa imegeuka," nilisema. "Nilimuambia. Akasema chuma haitembeake."

Mama wa makaa hakunishukuru. Alirudi kupima makaa yake. Muzee alitazama nyumba yake, kisha yangu. "Basi ilirudi kweli," alisema. "Imerudi kutuchukua." Safari hii hakuna aliyecheka.

Walivunja chumba cha mbele na ukumbi wa muzee. Mbao za kitanda nilizihifadhi nyuma, ninakolala sasa. Barabara ilikaa pana kwa muda, kisha wauzaji wa nyanya wakaanza kutandika bidhaa zao pembeni, na inaanza kubana tena.

Pikipiki zinapita pale mume wangu alipokuwa amelala. Nikienda sokoni sikatizi hapo. Nazunguka upande uliokuwa na ukuta, taratibu, kama mtu asiyetaka kumwamsha mgonjwa.