Ndeke ya Kuangalia Mayi

Kuko bantu mu dunia benye kulipa feza ju ya kuangalia mayi inaanguka. Singeamini, kama singepanda nabo mimi mwenyewe.

Ilikuwa miezi ya mvua, mbele kidogo ya mwaka wa elfu mbili. Miezi ile serikali inafunga ziwa ju samaki bazale. Ni sheria muzuri, iliandikwa na bantu benye mushahara. Siye huku Nchelenge, kando ya ziwa, tumbo haijui kalenda. Wavu nilikuwa nayo moja tu, niliishona kwa mikono yangu mwaka muzima, na nyumba yote ilikuwa inakula ju ya ile wavu. Mulamu wangu, ni kusema shemeji, ndugu ya bibi yangu, alikuwa anavua nayo kwa siri kule nyuma ya kisiwa ya Kilwa. Tulipatana: akiona bantu ba fisheri, bale benye kulinda ziwa, afunge mawe, akate kamba, aizamishe. Mutu bila wavu habawezi kumushitaki.

Masomo yangu iliishia siku mwalimu alinipiga na mimi nikamurudishia. Lakini Kiswahili nilijifunza sokoni, na ba-commerçant ba Kongo benye kuvuka kununua samaki. Njo ile Kiswahili ilinipandisha mu ndeke. Bazungu babili, bwana na madame, balikuja na kandeke kadogo, mulango yake sawa mulango ya kibanda ya kuku. Muzungu wa tatu, mwenye kuendesha, alizaliwa Kongo. Kiswahili yake ilikuwa ile ya kutuma boyi: leta, beba, ondoka.

«Papa, unajua maporomoko ya Lumangwe?»

«Naijua tangu weye unanyonya, patron.»

«Basi panda. Utaonyesha njia.»

«Njia gani mu hewa?»

«Panda, papa. Usizungumuze mingi.»

Nikapanda. Majirani balikuwa banaangalia. Kusema kweli, ni ju ya bale majirani nilipanda.

Lumangwe, ukifika kwa miguu, unapiga makofi kwanza, unasalimia benye mahali. Mimi ni mukristu, lakini nilikuwa napiga vilevile, polepole, padri asisikie. Ile sauti inakuingia mu kifua, mvuke inakulowesha mpaka mufupa. Kwa juu? Shuka ya mutu imeanikwa, njo ile tu. Makelele ni ya injini. Madame alikuwa analia «Oh! Oh!» sawa mutu bamemumwangia uji ya moto. Bwana yake hakuangalia kitu, jicho yake iko mu appareil ya photo. Alitoka mbali vile ju ya kuchungulia mu tundu! Na makofi, hakuna mwenye kupiga. Ningepiga, nani angenisikia, na ile injini?

Nilifikiri sasa tunarudi. Madame akaonyesha kidole kwa ziwa.

«Anataka kisiwa,» patron akasema.

«Kule Kilwa hakuna kitu, patron. Ni mawe na mbu.»

«Madame anapenda mawe.»

Tukaenda. Mu ile miezi bantu bote ba kando ya ziwa balikuwa banasema mwaka huu fisheri batakuja na ndeke. Nani alianzisha ule uongo, sijui, lakini kila mutu aliumeza bila kutafuna. Sasa injini inalia juu ya vichwa yabo. Nikaona mutumbwi ya kwanza: mawe, kisu, wavu inaenda chini. Ya pili, vilevile. Nikaona na mutumbwi yangu, yenye ubao ya kijani, na mulamu amesimama ndani, maana ule mutu hajui kukaa, hata kwa msiba anasimama.

«Panda juu, patron! Panda juu!»

Mimi hapo napiga kioo na mikono mbili ju mulamu anione, ajue ni mimi, aache kisu.

«Ah, papa anafurahi!» Na patron akashuka chini zaidi, ule mujinga. «Madame anauliza kama banatusalimia.»

«Banatutukana,» nikasema.

Akamutafsiria sijui nini. Madame akacheka, akabapungia mukono. Njo pale mulamu alikata kamba.

Jioni akaingia kwangu, kifua mbele.

«Dada, mupike! Leo nimebaokoa bote. Fisheri balikuja na ndeke!»

Bibi yangu akamupa bukari, ugali yetu, ya moto, na kichwa ya samaki, ile ya mwisho mu nyumba.

«Mi nilitaka kungoja,» mulamu anasema, mudomo imejaa. «Nilisema labda banapita tu. Lakini mulikuwa mweusi moja ndani, ni kiongozi yabo, anapigapiga kioo sawa nzi mu chupa, ananionyesha kwa benzake. Ule njo alinitisha.»

«Ile nzi ni mimi,» nikasema.

Mulamu akaacha kutafuna. Bibi yangu akaangalia ile kichwa ya samaki, akaangalia ndugu yake, akaniangalia mimi.

«Na ulienda kuona nini kule?»

«Mayi.»

Alichukua sahani yangu, akaifunika kifudifudi.

Asubuhi mulamu anapiga kasia, mimi navuta ndoano ya chuma chini ya ziwa. Kando yetu mitumbwi ingine, kila moja na kamba yake, na hakuna mwenye kusalimia. Tulivuta mpaka jua ikasimama juu ya kichwa. Ndoano ikaleta kipande ya wavu yangu, kidogo sawa shati ya mutoto.

«Inatosha kuanzia ingine, mulamu?» akaniuliza.

«Piga kasia,» nikamuambia.