Figo Yangu Iliyohamia kwa Ouma

Nikigusa kovu hili ubavuni, mwanangu, nakumbuka siku moja ya miaka ya tisini, nyumbani kwetu Ndhiwa. Mdogo wangu Ouma alikuwa amevimba uso na miguu, viatu havimwingii tena. Na ni Ouma huyo huyo aliyejenga boma lake kabla yangu mimi mkubwa wake, jambo ambalo kwetu ni mwiko. Basi wazee wakasema hiyo ni chira, laana ya kuvunja mwiko, anyweshwe dawa ya mizizi, kibuyu kizima.

Daktari wa Homa Bay naye alikuwa ametuambia ni figo, tena asinywe maji mengi wala mitishamba.

"Zamani hata sisi tulikuwa tunaangalia tu mtu akienda," alisema. "Siku hizi Nairobi kuna mashine ya kusafisha damu. Na ndugu anaweza kupea mwenzake figo moja, wote waishi."

Nilichanganyikiwa kabisa. Mtu anaishije na figo ya mwenzake? Nikimnyima dawa akafa, ukoo utasema nimelipiza kisasi cha boma. Nikimpa, daktari kasema itammaliza. Nikakaa na kibuyu mapajani kama mjinga, Ouma akihema kando yangu.

Nyanya, tuliyemwita Dani kwa Kijaluo, akatukuta hivyo.

"Nyathina, mtoto wangu, hiyo boma alijenga, nani alikosewa?"

"Ni mimi, Dani."

"Umesamehe yeye?"

"Nimesamehe."

"Basi hiyo maneno imeisha. Weka hiyo kibuyu chini, peleka mtoto kwa mashine. Unangoja nini?"

Tukaenda. Mashine ilimshikilia Ouma mpaka damu zetu zikapimwa, zikapatana. Niliingia chumba cha upasuaji bado sielewi lolote. Nilipozinduka nikaambiwa figo yangu imeanza kutoa mkojo ndani ya Ouma. Nilicheka huku nalia, maana sikujua lipi linafaa.

Ouma alipopata nguvu, kazi yake ya kwanza nzito ilikuwa kuja kunichimbia mashimo ya nguzo za boma langu.

Kwa hiyo, mwanangu, mwenzako akivimba usikae kubishana jina la ugonjwa. Kama mna neno kati yenu, limalizeni hapo hapo, kisha mpeleke hospitali. Wala usingoje mpaka uelewe yote. Mimi hadi leo sijaelewa vizuri. Mungu akulindie figo zako zote mbili, na siku ndugu yako akihitaji moja, akupe moyo wa kuitoa.