Kiti Alichokiona Mama

Nilifika Kampala tumbo likiwa bado siri yangu na mume wangu. Nilikuja kumuuguza mama, ambaye miguu ilikuwa imevimba hata kandambili hazimwingii, na nia yangu ilikuwa kukaa wiki chache nirudi Kanada. Wiki zikazaa wiki. Leo mama ana nafuu, kesho moyo unamwenda mbio. Mimi ni mtoto wake wa pekee, ningemwachia nani? Tumbo nalo halikungoja mtu. Likawa linanitangulia kila nilikoingia.

Nieleze kilichokuwa kinaniogopesha. Kanada mimi si raia, ni mkaazi wa kudumu, na hilo neno "kudumu" lisikudanganye. Ukikaa nje sana watakuuliza kama kweli kwao ndiko kwako. Mume wangu alikuwa hivyo hivyo. Mtoto akizaliwa kule angekuwa raia, yamekwisha. Akizaliwa Kyebando, mtaa wa Kampala alikoishi mama, angebaki nje mpaka tumwombee karatasi, halafu tungoje, na kungoja mimi nakujua. Mama alinizaa njiani akikimbia vita kutoka Kongo, nyuma ya kibanda cha mpakani. Nimekulia Kampala nikiitwa mkimbizi na watoto niliokaa nao dawati moja. Nilimwapia Mungu kwamba wangu hataitwa hivyo.

Tiketi nilikuwa nayo. Siku chache kabla ya safari wakaja akina mama wa maombi. Kwetu sisi Wakongomani wa Kampala unaweza kusafiri bila sanduku, lakini bila kuombewa, thubutu! Wanakuja nyumbani, mnashikana mikono, na anayepewa maono huyasema palepale. Yakishasemwa hayajadiliwi. Chumba cha mama kilikuwa kimoja, pazia katikati. Wakapanga viatu mlangoni wakaanza. Kwa kawaida aliyekuwa akiona ni mama mmoja mnene mwenye sauti ya kukwaruza. Siku hiyo alinyamaza. Aliyesema ni mama yangu, ameketi kitandani, macho amefumba.

"Naona ndege," alisema. "Naona kiti cha mwanangu. Kiti kina damu."

Hakuna aliyeitikia amina. Yule mama mnene akaniwekea kiganja tumboni, na kiganja kilikuwa cha baridi. Mimi nimesoma, ndugu yangu. Nimeona wajawazito wakipanda ndege huku wanatafuna karanga. Lakini maono ya mama aliyekuzaa, unayawekea hoja gani? Kesho yake nikaenda mjini kubadilisha tarehe.

Binti wa ofisi ya ndege alinitazama tumbo, akanishauri kwa upole nisicheleweshe tena. Ukishakaribia kujifungua hawakupakii, alisema, na hata sasa ni lazima daktari aniruhusu. Nilitoka pale na hofu mbili, ya kupanda na ya kutopanda, na hakuna iliyokuwa ndogo. Nilipompigia mume wangu alisema nifuate moyo wangu. Nilikasirika. Angenigombeza ningepanda. Lakini naye ni Mkongomani, maono ya mama mkwe hakuthubutu kuyagusa.

Basi nikawa mtu wa kujipapasa. Kila asubuhi, kabla ya kufungua macho, nilipitisha mkono kwenye shuka kuona kama ni kavu. Nikienda chooni nilitazama, nikitoka nilirudi kutazama tena. Mtoto akicheza niliogopa, akitulia niliogopa zaidi. Mama aliagiza samaki, sato wa ziwani kutoka Ggaba, akanipikia supu yenye ndimu, nikameza vijiko viwili vikagoma kushuka. Tarehe mpya ilipofika tumbo lilikaza tangu alfajiri. Nikasema ndiyo hiyo damu inakuja. Sikwenda. Damu haikuja, na ndege ilikuwa imeshaondoka.

Ajabu ni kwamba mama akapona. Si kupona kabisa, lakini alianza kufua nguo zake, akatembea hadi barabarani, akacheka na majirani. Alianza hata kusema atarudi Nakawa kuuza vitenge maofisini, kazi iliyonilea. Mimi nikamshukuru Mungu. Mjinga mimi!

Alinisindikiza kliniki. Mkunga akanipima presha, akanipumzisha, akapima tena. Akaniambia damu inapanda vibaya, nikiendelea hivi mtoto atatolewa kabla ya siku zake. Akauliza ninaogopa nini. Ningemjibu nini? Kwamba naogopa kiti? Nikalia tu. Mama alikuwa benchi la pembeni na alisikia yote.

Njiani kurudi aliomba tupumzike kwenye gogo mbele ya duka la mkaa. Alikunja ncha ya kitenge chake, akaikunjua, akaikunja tena.

"Sikuona kitu," alisema. "Siku ile ya maombi. Sikuona ndege wala kiti. Nilikuona wewe unaenda, na mimi nafia nyuma ya lile pazia peke yangu."

Nilitaka kumpiga, Mungu anisamehe, mama yangu mzazi mgonjwa. Nikamuuliza kama alitaka mjukuu wake azaliwe nyuma ya kibanda kama mimi. Alitazama tu miguu yake iliyovimba. Tunasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Na uchungu wa mzazi, nani anaujua? Hasira haikuisha, lakini nilimshika mkono tukavuka barabara.

Presha ilishuka. Daktari akakubali, akisema nikikawia tena hatakubali, nami nikakata tiketi nyingine. Safari hii mama hakuita watu wa maombi. Aliniwekea mkono tumboni mwenyewe, mlangoni, midomo ikicheza bila sauti. Alipomaliza nilimsubiri aseme kitu.

"Nenda, mama," akaniambia, kama alivyoniita nikiwa mdogo.

Ungedhani hofu ilibaki Kyebando. Nilijua ni uongo, nilikuwa nimeusikia ukikanushwa na mdomo uleule uliousema, na bado ndani ya ndege kila nilipoinuka niligeuka kutazama kiti. Kikavu. Niliketi, nikainuka, nikatazama. Jirani yangu alidhani nimepoteza simu, akainama kunisaidia kuitafuta. Tulipotua afisa wa uhamiaji akauliza kwa nini nimekaa nje muda wote huo. Nikasema mama alikuwa mgonjwa. Akatazama kadi, akatazama tumbo, akanipungia nipite, nami nikatembea nikishikilia ukuta.

Nilizaa msichana, raia. Mama alimwona kwenye simu tu. Alifariki mtoto hajajua kukaa, na sikwenda kumzika, kwa sababu hofu ya kutoka tena Kanada ilinishinda. Majirani waliniambia akina mama wa maombi walikuwa wamemshika mikono, huku na huku. Waliniambia hakuwa peke yake. Nimeamua kuwaamini.

Binti yangu sasa ni wa shule. Tukiinuka popote, kanisani, kwenye basi, kwa daktari wa meno, mimi hugeuka kutazama kiti. Juzi aliniuliza natafuta nini. Nikamwambia sitafuti kitu, twende. Akanishika mkono, tukapiga hatua mbili, kisha akageuka, akatazama kiti chake.