Kasuku Aliyekataa Papai

Mama mwenye nyumba wangu hakuniachia kasuku wake kwa sababu aliniamini. Aliniachia kwa sababu asubuhi watu wote wa lupango letu la Kabondo, ua mmoja wa vyumba vingi, walikuwa na mahali pa kwenda, isipokuwa mimi. Mmoja alikuwa na duka, mwingine shule, mwingine baiskeli ya toleka ya kubeba abiria. Fundi wa nguo alikuwa na cherehani yake barazani. Mimi nilikuwa na muda, na maoni.

Maoni nimekuwa nayo siku zote. Niliacha shule mapema, kwa kuwa dirisha la darasa letu lilitazama mto na mwalimu alisimama upande mwingine. Tangu hapo nimeendesha toleka, nimechoma matofali Bengamisa, nimeuza sabuni, na kwa msimu mmoja nilibeba makreti ya miche kwenye boti ya Yangambi, kule wanakochunguza mambo ya kilimo. Watafiti walipokea miche, mimi nikabaki na maumivu ya mgongo, lakini nilirudi mjini nikijihesabu nusu mtafiti. Kwa muda mrefu baada ya hapo sikuweza kumpita mtu anayepanda mhogo bila kusimama na kumshauri. Kazi zenyewe sikudumu nazo. Nikishaelewa kitu, au nikishadhani nimekielewa, miguu inaanza kuniwasha.

Kasuku alikuwa wa kijivu, mkia mwekundu, na umri wake ulimzidi hata kifungua mimba wa mama. Mama alikuja naye kutoka kwao Yanonge, kwa mtumbwi, alipoolewa. Watoto wa mama walikua, wakatawanyika, huyu Kinshasa, yule Goma. Ndege hakuambiwa. Kila chakula kilipoiva aliita kwa sauti ya mama mwenyewe, sauti ya miaka ile nyumba ilipokuwa imejaa: "Batoto! Kuya tukule!" Mama aliketi, akammegea kipande cha kile alichokuwa anakula, na wakala wawili hao kama vile wengine wako njiani wanakuja.

Na si mama peke yake aliyemmegea. Katika lupango letu mtu hali mbele ya kasuku bila kumpa sehemu yake. Ni adabu. Atapewa chikwange, ule mhogo uliofungwa majanini, mikate ya kukaangwa, wali uliolowa mafuta ya mawese, mkate uliochovywa kwenye chai tamu. Wageni waliokuja na bia walimwachia povu. Matokeo yake alinenepa hadi kifua kikagusa mti aliokalia barazani, na asubuhi moja akaanguka pu, akabaki chini anahema.

Daktari wa mifugo alikuja kwa pikipiki. Kazi yake hasa ni nguruwe. Alimpindua ndege, akampapasa, akacheka kwa masikitiko.

"Mama, hii haiko kasuku, hii iko nguruwe ya Noeli."

"Atakufa?"

"Mukiendelea hivi, njo vile. Donc, mafuta hapana, chumvi hapana, sukari hapana, pombe hapana. Mumupe matunda na majani. Paipai, pera, mahindi ya kuchemsha, lengalenga. Mbila, hizi tunda za mawese, moja moja, asizoee. Na avoka, jamais."

"Kwa nini parachichi hapana?" nikauliza. Hakuna aliyekuwa ameniuliza mimi kitu.

"Kwa sababu inamuua. Unataka kujaribu?"

Wiki hiyohiyo habari ikaja kutoka Isangi kwamba kaka wa mama amefariki. Ilibidi aende kwenye matanga. Alifunga mizigo yake, akaja mlangoni kwangu, akaniangalia kama mtu anayepima samaki ambaye hana hakika kama ni wa leo.

"Mutoto yangu, miye sina mutu mwingine. Batoto yangu banapiga simu kwa sikukuu. Ule ndege njo ananiita kila siku. Nikirudi nikute anaita. Unasikia?"

"Mama, usiwe na wasiwasi. Mambo ya mimea nimefanya Yangambi."

"Ulibeba makreti."

"Ndiyo, mama. Makreti ya mimea."

Alipanda pikipiki kwenda bandarini.

Nilianza kazi kwa utaratibu wa kisayansi. Nilinunua papai lililoiva vizuri, nikalikata vipande vidogo sawasawa, nikavipanga kwenye bakuli jeupe la enameli pamoja na pera, mahindi na majani machache ya lengalenga yaliyooshwa. Ilipendeza kuliko chakula chochote nilichowahi kujipangia mwenyewe. Mimi hula nimesimama, mkononi, mara nyingi huku natembea. Nikaweka bakuli mbele ya ndege, nikarudi nyuma hatua chache, nikajificha nyuma ya shuka lililoanikwa ili nisimsumbue mgonjwa wangu. Nilitaka pia kutazama.

Alitazama bakuli. Akatazama shuka. Akaita, "Batoto! Kuya tukule!" na hakula.

Jioni papai lilikuwa na nzi. Nikabadilisha, nikaleta nanasi. Akachukua kipande kwa mguu, akakinyanyua, akakiachia kianguke chini, kisha akainama kutazama kilipoangukia. Safu, lile tunda la zambarau tunalochemsha, alilirusha mbali zaidi.

Niliamua kwamba tatizo ni majirani. Bila shaka walikuwa wanamlisha kwa siri. Basi nikajifanya polisi wa lupango. Yeyote aliyetoka na sahani nilimsindikiza hadi ampite ndege. Mama muuza mikate nilimwomba akaangie nyuma ya nyumba. Alinyanyua jiko lake.

"Kwetu Butembo," alisema, "hata mufungwa banamupelekea chakula."

"Ni amri ya daktari, mama."

"Daktari wa nguruwe!"

Fundi wa nguo hakusimamisha hata cherehani. "Bon, sasa tuko na vizuizi hata hapa. Petit, mukate yangu inalipa ushuru gani?"

Walitii lakini. Wakaanza kula ndani, milango imefungwa, kwa kuwa hakuna aliyeweza kula mbele ya ndege na kumnyima. Ua ambao kila mchana ulijaa masufuria na mabishano ukawa kimya. Kasuku aliita, hakuja mtu. Aliita tena. Mimi nilikuwa nyuma ya shuka langu, nikijipongeza kwamba mazingira sasa ni safi kwa uchunguzi.

Siku zilivyopita kifua chake kilipungua, na mwanzoni nilifurahi. Dawa inafanya kazi! Kisha mfupa wa kifua ukaanza kuonekana kama ukingo wa mtumbwi. Manyoya yakavimba. Akaacha kuita. Alikunywa maji kidogo, akafumba macho, akakaa hivyo mchana kutwa.

Mama alipiga simu kutoka Isangi. Mtandao ulikuwa unakatika.

"Iko anaita?"

"Amepumzika kidogo, mama."

"Weka simu pale."

Nikaweka simu karibu na ndege. Nilimsikia mama akiita kwa sauti nyembamba ya simu, "Kuya tukule, papa. Kuya tukule." Ndege alifungua jicho moja, akalifunga. Mama akaita tena. Kisha mtandao ukakatika, na nakiri nilishukuru mtandao.

Nilifikiria kumrudishia mkate na chai, lakini niliogopa kumuua kwa mafuta. Nilifikiria kumwacha hivyo, nikaogopa kumuua kwa papai. Nilifikiria pia, kwa dakika ambayo sijivunii, ile boti ya Yangambi. Begi langu ni jepesi, siku zote limekuwa jepesi. Ningekuwa mbali kabla mama hajashuka pikipiki. Nilikwenda hata kuangalia viatu. Soli ya kimoja ilikuwa imefunguka, na fundi viatu alikuwa amesema kesho.

Basi nikabaki, kwa sababu ya soli. Nikaketi chini karibu na ndege, na kwa kuwa tangu asubuhi sikuwa nimetia kitu tumboni, na papai la siku ile lilikuwa zuri na linaelekea kwa nzi, nikaanza kulila mimi. Nililila vibaya, kwa vidole, juisi ikinitiririka hadi kwenye kiwiko. Sikuwa nachunguza chochote. Nilikuwa na njaa.

Nikasikia kucha juu ya mti. Kasuku alikuwa ameshuka, polepole, kwa ubavu, kichwa kikielekea mkono wangu. Alisimama akatazama kipande nilichokuwa nimekiuma nusu. Nikakisogeza. Akakichukua kwa mguu, akakigeuza, akakila, akapangusa mdomo wake kwenye suruali yangu na kusubiri kingine. Kile kilichokuwa ndani ya bakuli jeupe hakukitazama hata. Alitaka changu.

Nilikaa pale na suruali yangu yenye papai, nikajisikia mjinga wa kiwango cha juu. Ndege huyu, tangu mtumbwi wa Yanonge, hakuwahi kuwekewa chakula. Alimegewa. Alikula na watu. Mimi nilimpangia bakuli peke yake kama mtu aliyewekwa karantini, nikawafukuza wenzake wote, kisha nikasimama nyuma ya shuka kungoja afurahi.

Nilikwenda kugonga mlango mmoja mmoja. Nilikuwa nimetayarisha maelezo marefu, lakini mama wa mikate alinikatiza.

"Alors, tutoke ao tusitoke?"

"Mutoke, mama. Tafadhali. Ila mafuta…"

"Mafuta tumesikia."

Wakatoka na mikeka. Makubaliano yalikuwa haya: vyakula vya mafuta wangekula mapema ndani, na mchana kila mtu angeleta uani tunda au mahindi kidogo, amegee. Na kwa kuwa wengi mchana wako kazini, mlaji mkuu nilikuwa mimi. Kila kitu ambacho ndege alitakiwa kula, nilipaswa kukila kwanza mbele yake, kwa raha inayoonekana. Alijua kuigiza kupita mimi, kwa hiyo kumdanganya haikuwezekana. Nilikula pera hadi meno yakafa ganzi. Nilitafuna lengalenga mbichi kama mbuzi huku fundi akipita na kusema, "Papa mbuzi, salimia bibi nyumbani." Nilikula mahindi bila chumvi. Mbila nilizichemsha, nikazifyonza nyuzi zake nikiwa na mawese hadi kidevuni, tukapokezana.

Kisha fundi akaleta pilipili. Ndogo, nyekundu, zile zinazoota zenyewe karibu na choo.

"Ndege banapenda hii sana," alisema. "Kwetu tulikuwa tunabapa. Ila bon, lazima umuonyeshe."

Ningeweza kumpigia daktari kwanza. Badala yake, mtafiti ndani yangu akaamka. Nikaweka pilipili nzima mdomoni na kuitafuna huku nikitabasamu. Nilichofanya baada ya hapo walikisikia hadi barabarani. Nilikohoa, nikahema, nikapiga kelele "Mungu wangu! Maji! Maji!" na kuzunguka ua mdomo wazi. Kasuku alitazama kwa makini sana. Kisha akachukua yake, akaila na mbegu zote, akaomba nyingine. Jioni daktari alinieleza kwa simu kwamba ndege hawasikii ukali wa pilipili hata kidogo. Habari njema. Zingenifaa mchana.

Mama alirudi bila kutangaza. Nilikuwa chooni, kwa sababu ambazo pilipili za siku ile zinaweza kueleza. Nilisikia pikipiki langoni, nikasikia mizigo ikiwekwa chini, kisha kutoka barazani nikasikia mtu anakufa. Alikohoa kama mapafu yanatoka, akahema kwa mluzi, akalia, "Mungu wangu! Maji! Maji!"

"Anakufa!" alipiga kelele mama. "Bameniulia ndege!"

Nilitoka mbio nimeshika suruali. Mama alikuwa amepiga magoti mbele ya kasuku, kitambaa chake cha msiba kimeanguka mabegani, mikono juu ya mdomo. Kasuku alikuwa amesimama wima, mwembamba, manyoya yamelala vizuri, pilipili nyekundu mguuni. Aliuma kidogo. Akakohoa kikohozi changu, na kuhema kwangu, na kilio changu, kwa ukamilifu wa kuaibisha. Akauma tena.

"Hivyo ndivyo anavyokula pilipili, mama," nilisema. "Alifundishwa vibaya."

Mama alinitazama mimi, akatazama ndege. Fundi barazani alikuwa ameinamia cherehani yake, mabega yanatikisika. Mama akaanza kucheka, kisha kicheko kikageuka kilio, na nilielewa kwamba kilio kile kilikuwa na kaka yake ndani, na safari yote ya mto, kwa hiyo nikanyamaza. Mara hiyo angalau nilinyamaza.

Alipojipangusa uso, ndege alikuwa amemaliza pilipili. Akamtazama mama, akainua kichwa, na kwa sauti yake ileile ya zamani akaita, "Batoto! Kuya tukule!"

"Tunakuya," mama alijibu. Akaketi kwenye mkeka kama alivyokuwa, na vumbi la barabara miguuni. "Kuko nini?"

"Papai, mama."

"Lete. Na weye ukae chini. Kwa nini unakulaka umesimama kama askari?"

Nikakaa chini. Soli ya kiatu changu ilikuwa imeshonwa zamani.